Kujenga au kununua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. KCB, benki ya Kenya, ilipoingia Tanzania mwaka 1997 ilianzisha benki yake yenyewe. Mbona Kongo, mwaka 2022, ilinunua benki iliyokwishakuwepo, TMB (Trust Merchant Bank)?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kongo ni pana, barabara chache, sheria zimeandikwa kwa Kifaransa. Equity, benki nyingine ya Kenya, nayo ilinunua benki huko: ProCredit 2015, BCDC 2020. Nilipouza mchele Lubumbashi nilimwona mama mmoja akifungua fundo la kitenge, akahesabu dola zake mara tatu, ndipo akamkabidhi karani anayemwita kwa jina. Imani ile mgeni angeijenga kwa miaka mingapi? Imani hiyo ndiyo iliyonunuliwa na KCB, kwa asilimia 85 ya hisa za TMB. Na jina la TMB wakaliacha libaki mlangoni. Walifanya vyema sana.