Chakula cha mchana kazini pasipo friji wala maikrowevu: kwa wewe unayeanza

Anayeanza kazi mahali pasipo friji wala maikrowevu huuliza kwanza, "Nibebe nini?" Mimi nakushauri uanze na swali jingine: chakula hiki kitakuwa na joto gani tangu nikifunge hadi nikile? Ukishalijibu hilo, suala la nini cha kupika linakuwa jepesi.

Piga hesabu. Umefunga chakula saa 12 asubuhi na unakula saa 7 mchana. Hizo ni saa saba. Bakteria wanaosumbua tumbo huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kwenye uvuguvugu baadhi yao wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kanuni ya kawaida ya usalama wa chakula ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32 iwe saa moja tu. Maana yake wali na kuku uliowafunga na mvuke wake kwenye bakuli la plastiki wameshapitisha muda hata hujamaliza kusalimiana na wenzako. Pua nayo usiitegemee. Chakula kilichochacha utakijua, lakini vimelea vingi vinavyoleta kutapika na kuhara havibadilishi harufu wala ladha.

Basi unabaki na njia tatu: ukibebe kikiwa cha moto kwelikweli, ukibebe kikiwa baridi kwelikweli, au ubebe vitu visivyojali joto. Vuguvugu usibebe.

Nianze na cha moto, kwa kuwa ndicho wengi wanakitamani. Unahitaji themosi ya chakula, ile ya chuma yenye mdomo mpana na kuta mbili. Hotpoti ya mezani ni kitu kingine. Imetengenezwa ili chakula kisipoe wakati familia inasubiriana, na kuitegemea kwa saa saba ni kuionea. Hata themosi nzuri itakuangusha ukiitumia kivivu. Ijaze maji yanayochemka, ifunge, iache kama dakika kumi ili kuta zake zipate moto, kisha yamwage na utie chakula papo hapo. Chakula chenyewe kiwe kinatokota, maana themosi haipashi, inatunza tu kile ulichoipa. Ijaze karibu na mdomo, kwa sababu nafasi tupu hupoza. Halafu usiifungue saa 4 "kuonja kidogo". Kila ukifungua, joto linatoka na halirudi.

Kabla hujaiamini, ifanyie jaribio siku ya mapumziko: tia chakula kinachochemka asubuhi, pima kwa kipimajoto cha jikoni saa ile unayokula kazini. Ikisoma zaidi ya 60, uko salama. Ikisoma 45, hiyo ni themosi ya chai ya saa mbili, haifai kwa mchana.

Vinavyokaa vizuri humo ni vya majimaji: supu, maharage, dengu, mchuzi wa nyama au wa mboga. Vya kukaanga hulainika vikawa kama vimelowekwa. Mboga za majani huendelea kuiva humo humo na kupoteza rangi yake ya kijani. Zibebe mbichi pembeni, au zitie mwishoni kabisa zikiwa hazijaiva sana.

Hapa lazima niseme kuhusu kiporo, hasa cha wali. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kupikwa. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni, zinaamka, bakteria wanazaliana na wanaweza kutengeneza sumu. Sumu ile ya kutapisha haiharibiwi na moto wa kupasha. Kwa hiyo wali uliolala mezani usiku kucha hautengenezeki asubuhi, hata uuchemshe hadi ushike chini. Kama unapika usiku, utandaze kwenye chombo kipana kisicho na kina ili upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Kama hata nyumbani huna friji, pika asubuhi kiasi cha siku hiyo, au mchana wako uwe wa vitu vikavu. Maharage makavu unaweza kuyaloweka usiku na kuyapika alfajiri, ila yachemke vizuri, hasa yale mekundu; yasipochemka vya kutosha nayo yana sumu yake.

Njia ya baridi ni rahisi zaidi, mradi nyumbani kuna friji yenye sehemu ya kugandisha. Gandisha chupa ya maji, lakini usiijaze hadi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka na chupa itapasuka. Chupa hiyo inakupa barafu asubuhi na maji ya kunywa mchana. Iweke juu ya chakula, maana hewa baridi hushuka. Wengi huitanguliza chini halafu wanashangaa bakuli la juu limepata joto. Chakula kiwe kimelala kwenye friji, kwa sababu barafu hutunza baridi tu, kupoza sufuria iliyotoka jikoni haiwezi. Mfuko uwe na kinga ya joto, na kama huna, zungushia taulo nene. Ukifika kazini tafuta kona yenye kivuli, mbali na dirisha. Ndani ya gari lililofungwa juani usiache kamwe.

Mayai ya kuchemsha huwadanganya watu. Wanaona ganda, wanafikiri lina ulinzi. Yai likishachemshwa, kinga nyembamba iliyokuwa juu ya ganda huondoka na vitundu vyake hubaki wazi, kwa hiyo linahesabiwa saa mbili zile zile kama kuku. Libebe na barafu.

Sasa vile visivyojali joto, ambavyo mimi nadhani ndivyo vinavyostahili kuwa msingi wa wiki yako: karanga, korosho, siagi ya karanga, mkate wa ngano isiyokobolewa, matunda makavu, samaki wa kopo, matunda mazima. Neno "mazima" lishike. Ndizi na chungwa zina ganda lake. Tikiti lililokatwa ni chakula kilichofunguliwa, na linaharibika haraka. Nyanya, tango na karoti beba nzima zilizooshwa, pamoja na kisu kidogo, ukatie pale pale. Samaki wa kopo chagua kopo la kumaliza mara moja, lifungue saa ya kula, na uwafikirie wenzako: kama chumba hakina hewa, kalie nje.

Ila njia hii ina mtego wake. Vitu vingi vinavyodumu bila friji vimedumishwa kwa chumvi, sukari au mafuta. Biskuti, viazi vya pakiti, soseji kavu: vinakaa, lakini ukivigeuza kuwa mlo wa kila siku umekwepa kuharisha ukakaribisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Maharage ya kopo yaoshe kwa maji, sehemu ya chumvi itaondoka. Ukipanga mlo, nusu yake iwe mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Sikutumi ukapime kwa mizani. Tazama tu bakuli kwa jicho. Anayelala usingizi saa 9 alasiri mara nyingi bakuli lake lilikuwa wanga robo tatu.

Chakula kinacholiwa kikiwa baridi kipikwe kwa ajili hiyo. Mafuta ya wanyama huganda na kushika kaakaa, kwa hiyo tumia mafuta yanayobaki majimaji, kama ya alizeti. Ladha nayo hufifia kikiwa baridi, na mtu hukimbilia chumvi. Ongeza limau, kitunguu, majani ya giligilani au pilipili. Limau hilo ni la ladha, lakini. Kukamua nusu yake juu ya kuku hakumfanyi akae hadi mchana bila barafu.

Saladi ipange kwa zamu: mchuzi wake chini au kwenye kichupa cha pembeni, juu yake maharage na karoti, majani yenye kulainika haraka yakae juu kabisa. Chumvi tia wakati wa kula, maana huvuta maji kwenye tango na nyanya na kila kitu kinaogelea. Kabichi huvumilia kuliko majani mengine mengi.

Osha mikono kabla ya kufunga chakula na kabla ya kukila; kuna bakteria wanaokaa kwenye ngozi na puani ambao sumu yao nayo haiogopi kupashwa. Mpira wa mfuniko uchomoe kila jioni uuoshe peke yake, ndiko uchafu unakojificha. Na kilichobaki bakulini baada ya mchana usikirudishe nyumbani kukifanya chajio, hata kama kinaonekana kizima. Kitupe, na kesho punguza kipimo.