Jaribu langu lilikuwa Makambako, saa mbili usiku

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeokoka, huu ni mwaka wa tatu, unatunza stoo ya vifaa vya ujenzi na bosi amekuachia funguo na daftari. Kila mshahara ukitoka unaapa mbele za Mungu kwamba hutagusa tena, na kila ikifika katikati ya mwezi mfuko mmoja wa saruji unatoka bila kuandikwa. Umefunga, umeombewa, sasa unauliza kama una roho ya wizi ya kukemewa. Wengi wamekujibu ndiyo, ikemewe. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu nimekaa hapo ulipokaa wewe. Kwangu haikuwa saruji, ilikuwa dizeli.

Mimi ni dereva wa lori. Natoka Dar hadi Tunduma, navuka Zambia, wakati mwingine nafika Lubumbashi. Ofisi ilikuwa inanipa mafuta ya safari nzima kwa hesabu ya kilomita. Ukikanyaga kwa utulivu kuna kiasi kinabaki kwenye tenki, na hicho kilichobaki ndicho kilichoniangusha. Hakuna siku niliyojiambia kwamba naenda kuiba. Nilijiambia hilo ni jasho langu, maana dereva mwingine angeyachoma yote na tajiri, yaani mwenye lori, asingesema neno. Karibu na Makambako kulikuwa na jamaa ananipigia simu nikikaribia. Saa mbili usiku anakuja na madumu yake ya lita ishirini, mpira na pesa mkononi. Ananipa nusu ya bei ya kituoni. Dakika kumi nimeshaondoka.

Sauti ile bado ninayo masikioni. Dizeli inaanza kwa kugonga chini ya dumu tupu, halafu mlio unazidi kuwa mzito kadiri dumu linavyojaa. Tingo wangu, yaani msaidizi wangu wa safari, ananimulikia kwa tochi ya simu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mama yake tunasali naye Mbeya, na aliponikabidhi aliniambia, "Mwanangu huyo, mfundishe kazi na umlee." Nami nilikuwa namfundisha kushika tochi.

Jumapili nikiwa nyumbani nilikwenda kanisani kama kawaida. Kuna siku ya Meza ya Bwana nilipeleka mkono mdomoni nikasikia harufu ya dizeli kwenye vidole, na asubuhi hiyo nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya unga mara mbili.

Nimeombewa mara tatu kwa ajili ya jambo hili. Mara ya mwisho nililia mpaka shati likalowa, na nasema kweli kwamba Mungu alinigusa siku ile. Safari iliyofuata niliuza madumu mawili. Ndugu yangu, sidharau maombi, naishi kwa maombi. Lakini Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Nilipokuwa nasema ni pepo, sikulazimika kufuta namba ya yule mnunuzi. Namba ilikaa kwenye simu yangu muda wote niliokuwa nakemea.

Dhambi hii nayo haikukaa ilipoanzia. Nilianza kuyatafuta mafuta ya kubaki. Wanaoijua njia hii wanaujua mlima Kitonga, kona zake na korongo lililo pembeni. Wakati wa kurudi Dar unaushuka, na niliamini kwamba ukiachia gia huru injini inakula kidogo. Nilifanya hivyo. Lori zito, breki peke yake ndiyo inashika, harufu ya breki inaungua inaingia mpaka ndani ya kabini, mbele yangu basi la abiria. Nilikuwa nafanya hivyo ili nipate lita chache za kuuza. Siku breki ilipolegea kidogo kwenye kona nikafanikiwa kurudisha gia, mguu wangu ulitetemeka mpaka Ruaha Mbuyuni. Nilimshukuru Mungu kwa kuniokoa, na safari iliyofuata bado niliuza.

Kilichonivunja ni swali la tingo. Tulikuwa tumemaliza Makambako, nimempa elfu kumi yake kama kawaida, tumeendesha kimya mpaka karibu na Igawa. Akaniuliza, "Kaka, na hizi za usiku tunatoa fungu la kumi?" Aliuliza kwa dhati kabisa, alitaka kujua. Sikuwa na jibu. Nilisimamisha gari pembeni nikakaa na mikono kwenye usukani.

Nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza ni kiasi gani kwenye kuta za nyumba yetu kilitoka huko. Tulikaa na daftari siku mbili tukipiga hesabu, safari baada ya safari, miezi kumi na tisa, tukapata lita 1,480. Nilipokwenda kumwona tajiri wangu nilikuwa na begi la nguo, kwa sababu sikujua kama nitatoka pale kwenda kituo cha basi au kituo cha polisi. Yule ni mzee wa Kiislamu, mtu wa swala tano. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. "Haya umeyaandika wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasema madereva wengi amewafukuza kwa mafuta, lakini hajawahi kuletewa hesabu. Tukakubaliana milioni tatu, laki moja kila mwezi kwenye mshahara. Nililipa kwa miezi 30. Watoto walibadilisha shule, na chumba cha tatu hakina bati hadi leo. Sikwambii kwamba bosi wako atakuwa kama huyu. Anaweza kukufukuza, anaweza kukushtaki, na ana haki hiyo. Ongea kwanza na mchungaji wako na mtu mzima unayemwamini, mwende pamoja ikibidi.

Tangu hapo nimeisoma 1 Wakorintho 10:13 kwa macho mengine. Zamani nilidhani inaahidi nguvu za kusimama palepale na kushinda. Kumbe imeandikwa "mlango wa kutokea". Yusufu hakubaki ndani kubishana na mke wa Potifa, alimwachia nguo mkononi akakimbia. Na mlango wenyewe nilikuwa nauona kila safari, ila niliudharau kwa sababu ulikuwa mdogo. Mlango wangu ni kulala Mafinga, mji ulio kabla ya Makambako ukitoka Dar. Sasa nikitoka Dar nasimama Mafinga, nalala, Makambako napita saa moja asubuhi kweupe, watu wanakwenda kazini. Kila jioni nampigia picha mshale wa mafuta, namtumia tajiri kwenye WhatsApp. Hakuniomba, mimi ndiye niliyemwomba akubali kupokea. Na namba ile nilimpa tingo aifute kwa mkono wake.

Foleni ya Tunduma nayo ina majaribu yake, hasa ya wanawake na pombe, maana unaweza kukaa siku kadhaa huna la kufanya. Huko nilishakaribia kuanguka mara moja. Nikifika tu, posho yangu naituma kwa mke wangu, nabaki na ya kula.

Sasa turudi kwako. Umeandika "katikati ya mwezi" mara nne kwenye swali lako, sijui kama umejiona. Hiyo ndiyo Makambako yako. Chukua daftari uangalie tarehe: ni kati ya ngapi na ngapi? Mteja ni nani, yuleyule? Anakuja saa ngapi, bosi akiwa wapi? Na kabla ya hapo, mshahara unaishia tarehe ngapi na unaishia kwenye nini? Mithali 30 kuna mtu aliyemwomba Mungu asimpe umaskini, asije akaiba. Hakuona aibu kuomba hivyo. Kama ni kodi ya chumba au dawa za mzazi, lisemwe kwenye jumuiya yenu. Omba advansi kwa bosi, hata akikunyima umeomba mchana kweupe. Na umwombe stoo ifunguliwe mkiwa wawili, au ufunguo mmoja akae nao yeye. Najua itakuuma kuonekana kama huaminiki. Mimi iliniuma sana kutuma ile picha ya kwanza.

Tingo wangu sasa ana leseni yake, anaendesha lori la tajiri yuleyule. Sijamaliza kumwomba msamaha, maana kila tukikutana ananiambia yameisha, na mimi bado nakumbuka tochi.

Napakia Ijumaa. Nitalala Mafinga Jumamosi, Jumapili asubuhi nikipita Makambako nitakutaja mbele za Bwana. Ukishaangalia daftari niandikie tarehe zako, ili na mimi nijue siku gani nikupigie simu.