Je, tembe zimechukua nafasi ya bangi Eastlands, Nairobi?

Dada, umeuliza kama vijana wameacha bangi wakahamia tembe, kama mdogo wako na bugizi zake (tembe za usingizi), na kama tunaelekea walikofika Marekani na janga lao la dawa za maumivu. Kuacha? Hapana, wameongeza tu. Bangi na miraa zipo palepale. Heroini iliingilia Pwani miaka ya 1980 ikapanda hadi huku, na mwishoni mwa 2014 hospitali ya Mathari wakaanza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini. Kinachotusumbua sasa ni hizo tembe za usingizi, dawa ya kikohozi yenye kodeini, na tramadoli ya kutuliza maumivu. Kuna maduka ya dawa yanakuuzia bila kuuliza karatasi ya daktari.

Marekani ilianzia kwa daktari: OxyContin, tembe ya maumivu ya jamii ya afyuni, ikaingia sokoni 1996, masharti yalipokazwa wengi wakakimbilia heroini, halafu kuanzia 2013 hivi fentanili, iliyo kali kuliko heroini, ikafagia. Kwetu tundu liko kaunta (misako ya bangi, kwa maoni yangu, hailizibi).

Mdogo wako asiache bugizi ghafla! Anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpeleke kwa daktari apunguziwe dozi polepole. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, nao wana laini ya bure, 1192.