Siku zangu zote ni bidoni na babula: je, zina uzito mbele ya Mwenyezi Mungu?

SWALI: Asalaam aleikum, Shehe. Mimi ni mama wa hapa Goma, niko mtaa wa Katoyi, na watoto wanne. Kabla ya vita kuingia mjini Januari 2025 nilikuwa nauza sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani. Sasa mtaji umekwisha, niko nyumbani tu. Asubuhi ni ziwani na bidoni, dumu la kuchotea maji, nikirudi ni makala (makaa), babula (jiko la makaa), sombe (majani ya muhogo), kufua, na kesho yake ni vilevile. Darasa za msikitini siendi tena. Usiku unafika sina hata kitu kimoja cha kusema hiki nimemfanyia Mungu. Jirani yangu ananiambia kila bidoni ni ibada, ila lazima nitamke nia kabla ya kuiinua, la sivyo jasho langu limekwenda bure. Najaribu, nasahau. Na hata nikikumbuka, sisikii chochote moyoni. Ni kweli asemavyo? Halafu, adhuhuri nikiswali na kikwembe, yaani kitenge, kilicholowa maji ya ziwa, swala inaswihi?

JIBU: Wa aleikum salaam warahmatullah, mama yetu. Jirani yako amepatia mwanzo, akakosea mwisho.

Alipopatia ni hapa. Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, aliugua sana akiwa Makka, akataka kutoa mali yake karibu yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia asizidishe theluthi, kisha akamwambia kwamba chochote atakachotoa akitaka radhi za Mwenyezi Mungu atalipwa, hata tonge analolitia kinywani mwa mkewe. Wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi. Yaani mtu ameuliza juu ya utajiri wake wote, akaonyeshwa tonge. Basi sombe unayoitwanga mpaka mkono unakufa ganzi, wanne wale wapate kula, imo ndani ya hadithi hiyo bila shaka yoyote.

Alipokosea ni kukutwisha maneno ya kutamka juu ya kila bidoni. Mahali pa nia ni moyo. Na katika hadithi ya farasi, ambayo pia wameipokea wote wawili, Mtume anamtaja mtu aliyefuga farasi kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu: farasi yule akipita mtoni akanywa maji, bila mwenyewe kukusudia kumnywesha, huandikiwa mema. Kusudi la asili limebeba na lile ambalo hakulifikiria. Kwa hiyo amka asubuhi, azimia moyoni kwamba unawalea watoto hawa kwa kuwa ni amana ya Mola wako, kisha shika njia ya ziwani. Ukikumbuka katikati, ifanye upya nia yako. Ukisahau kwa sababu foleni ni ndefu na yule kijana anayetia dawa ya klorini kwenye maji bado hajafika na sindano yake, hujapoteza kitu.

Hilo la kutosikia chochote ndilo naona linakuumiza zaidi, na si wewe wa kwanza. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, alitoka nyumbani kwake akisema, "Hanzala amekuwa mnafiki!" Sababu yake ni kwamba akiwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwa macho, lakini akirudi kwa mke, watoto na shughuli, mengi humtoka. Abubakar naye akakiri kwamba hayo humpata. Walipofika kwa Mtume, hakumkemea Hanzala. Alimwambia kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani, "lakini, ewe Hanzala, saa na saa." Hadithi hii iko kwa Muslim. Ikiwa Abubakar alikuwa na saa ambazo moyo umeshughulika na nyumba, wewe wa Katoyi unajidai deni gani? Siku hizi wako wahubiri wanaowafanya watu waamini kwamba ibada isiyotoa machozi haikufika. Hawakutuletea dalili. Nia ni uamuzi, na uamuzi husimama hata mwili ukiwa umechoka na moyo umekauka.

Sisi wa Goma tunaijua vizuri Surat Zilzala, sura ya tetemeko la ardhi. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ilitikisika siku baada ya siku, na wengi tuliisoma kwa hofu tukiishia kwenye mtikisiko. Lakini sura ile inaishia kwenye chembe: atakayetenda wema uzito wa chembe atauona. Na Mtume ametaja kwamba tawi la chini kabisa la imani ni kuondoa kero njiani. Katika mji huu uliomwagiwa mawe ya volkano, mtu wa chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, anayeshuka kulisogeza jiwe, ili wa nyuma yake asipinduke na mzigo wa viazi, amelishika tawi hilo, na pengine hajui.

Ila haya nisemayo yasije kuwa fimbo mkononi mwa mume. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Baba wa watoto akiwa na mgongo mzima, naye abebe bidoni. Thawabu zake ni zilezile.

Bibi Fatima alipoumia mikono kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi, baba yake, Mtume, alimfundisha yeye na mumewe Ali waseme wakati wa kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akasema ni bora kwao kuliko mtumishi. Anza na hilo, unalifanya ukiwa umeshalala kitandani. Darasa utarudi nafasi ikipatikana. Hujatenda dhambi kwa kuzikosa.

Kuhusu kikwembe: maji ya ziwa ni twahara, na nguo iliyolowa haibatilishi swala. Kikishikamana na mwili mpaka umbo likaonekana, jitande kingine juu yake. Ukikosa, swali hivyo hivyo, usingoje kikauke mpaka alasiri iingie.