Wamelazwa mara chache kuliko mwaka jana: je, ni mpango wetu?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naratibu mpango wa kufuatilia wagonjwa hospitalini kwetu. Tulipitia kumbukumbu tukapata wagonjwa 60 waliolazwa mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, wengi wao wa moyo, kisukari na pumu. Kila mmoja tulimpa muuguzi wa kumpigia simu kila wiki na kumtembelea nyumbani anapotoka wodini. Mwaka wa kabla ya mpango walilazwa jumla mara 240, na mwaka wa mpango mara 110. Nikachukua ile tofauti ya 130, nikaizidisha kwa wastani wa gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja, nikaandika kwamba hizo ndizo fedha tulizookoa. Uongozi ulifurahi sana. Lakini mtakwimu wa mfuko wa bima akairudisha ripoti na sentensi moja: "Huku ni kurejea kwenye wastani, na hakuna kundi la kulinganisha." Sikumwelewa. Wagonjwa ni walewale, kumbukumbu ni zilezile, na wenyewe wanasema wana nafuu. Nimekosea wapi? Na sasa mpango umeshaanza, tena kuna wengine 140 wanaosubiri nafasi. Nifanyeje?

JIBU

Hongera kwa kazi, ndugu muuguzi, na usimkasirikie huyo mtakwimu. Amekusaidia, ila ni bahili wa maneno. Nitajaribu kusema alichokifupisha.

Mara anazolazwa mtu kwa mwaka zinatokana na mambo mawili. Kuna hali yake ya siku zote: ugonjwa alionao, umri, dawa anazozipata au kuzikosa. Halafu kuna matukio ya mwaka ule tu: homa ya mapafu iliyompitia, kuanguka bafuni, dawa mpya iliyomkataa, binti aliyekuwa akimhudumia kuhama. Ulipochuja kumbukumbu ukabaki na waliolazwa mara tatu na kuendelea, ulipata watu wenye magonjwa mazito, hilo kweli. Lakini papo hapo ulipata watu waliokuwa na mwaka mbaya, na mwaka mbaya haujirudii kwa kila mtu. Wengi wao wangeshuka hata kama simu yako isingelia hata siku moja. Huko ndiko kurejea kwenye wastani. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao: wazazi warefu kupita kiasi walikuwa na watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Hakuna aliyewafupisha.

Kama bado halijakukaa, ligeuze. Chukua wagonjwa 60 wa kisukari ambao mwaka ule hawakulazwa kabisa, kisha tazama mwaka uliofuata. Jumla yao itakuwa imepanda, kwa sababu aliye kwenye sifuri hana pa kushukia. Hutaandika ripoti kwamba wameumia kwa kuwa hukuwapigia simu. Basi hesabu ileile ikishuka, nayo haikupi haki ya kusema ni simu zako.

Na wagonjwa wanaposema wana nafuu, wanasema kweli. Walio wengi waliingia kwenye mpango wakiwa katika hali mbaya kuliko kawaida yao, na kutoka hapo kupata nafuu ndilo jambo la kutarajiwa. Swali letu ni jingine: wangekuwa wapi bila wewe?

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Camden, mji ulioko jimbo la New Jersey, Marekani. Daktari Jeffrey Brenner na wenzake walikusanya kumbukumbu za hospitali za mji huo, wakaona wagonjwa wachache ndio wanaokula sehemu kubwa ya gharama. Wakaunda timu ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na maofisa ustawi wa jamii, wa kumfuata mgonjwa tangu akiwa kitandani mpaka nyumbani kwake. Takwimu za kabla na baada zilikuwa nzuri mno, sifa zikaenea, na mwaka 2013 Brenner akapewa tuzo ya MacArthur, tuzo ya heshima kubwa Marekani kwa watu wabunifu. Kisha wakafanya jambo ambalo watu wenye sifa hawalifanyi mara nyingi: wakakubali mpango wao upimwe kwa kura. Wagonjwa 800 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata timu na nusu wakabaki na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa Januari 2020. Ndani ya siku 180 waliolazwa tena walikuwa asilimia 62.3 kwa waliopata timu, na asilimia 61.7 kwa wasioipata. Hakuna tofauti. Lakini sehemu inayokuhusu wewe ni hii: ukiangalia kundi la mpango peke yake, miezi sita kabla na miezi sita baada, kulazwa kulionekana kumeshuka kwa pointi 38 za asilimia. Kundi lisilopata timu nalo lilikuwa limeshuka karibu vivyo hivyo.

Sikwambii haya ili ufunge mpango. Kuna mipango ya ufuatiliaji inayofanya kazi, hasa kwa wagonjwa wa moyo, na huenda wako ni mmojawapo. Ninachosema ni kwamba namba ulizonazo haziwezi kukujibu, hata kama badala ya 110 ungepata 60.

Sasa nini kifanyike? Kazi ya kwanza unaweza kuifanya kwa siku chache, bila ruzuku ya utafiti. Rudi kwenye kumbukumbu za miaka ya nyuma, kabla mpango haujafikiriwa. Pitisha chujio lilelile, la magonjwa yaleyale na kulazwa mara tatu au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili. Utapata kundi ambalo lingeingia kwenye mpango kama ungekuwapo. Tazama mwaka wao uliofuata ulikuwaje. Hao ndio kundi lako la kulinganisha, watakaokuonyesha kushuka kwa kawaida kuna ukubwa gani hospitalini kwako.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza ni vifo. Aliyefariki mwezi wa pili halazwi tena, na jedwali litamhesabu kama mafanikio makubwa. Nimewahi kuona ripoti ambayo sehemu nzuri ya "akiba" yake ilikuwa marehemu, na walioiandika hawakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo hesabu mara za kulazwa kwa kila mwezi ambao mgonjwa alikuwa hai, na idadi ya vifo iandike peke yake, wazi, kwa makundi yote mawili. Mtego wa pili ni wanaolazwa kwingine. Kama mfuko wa bima unaona madai ya hospitali zote, muombe huyo mtakwimu akutolee takwimu hizo. Ameshaonyesha kwamba anasoma unachoandika.

Tuseme umefanya hivyo, ukapata wagonjwa 60 wa zamani waliotoka 240 wakashuka hadi 138 bila mpango wowote. Namba hiyo nimeitunga ili tupige hesabu. Sasa sifa ya mpango si 130 tena, ni 138 kutoa 110, yaani 28. Na hata hiyo 28 inayumba. Kwa kanuni nyepesi kabisa, jumlisha 138 na 110, tafuta kipeuo cha pili, utapata karibu 16. Mara mbili yake ni kama 31. Toa 31 kwenye 28, kisha ijumlishe: matokeo halisi yanaweza kuwa popote kati ya safari 3 zaidi za kulazwa na safari 59 pungufu. Kwa kweli upana ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mara za kulazwa hujikusanya kwa watu wachache: mgonjwa mmoja akilazwa mara kumi na mbili anaivuta jumla yote. Ndiyo maana Camden walihitaji watu 400 kila upande.

Pia miaka ya zamani si kama ya sasa. Dawa hubadilika, madaktari huhama, masharti ya kulaza hukazwa. Kundi la kihistoria ni bora kuliko kutokuwa na kundi, basi.

Hapo ndipo nawageukia wale 140 wanaosubiri. Umewataja kama mzigo, lakini mimi ningekuwa wewe wangekuwa kitu cha kwanza kwenye barua yangu kwa uongozi. Kama una nafasi za watu 70 tu kwa sasa, lazima 70 wangoje, upende usipende. Kinachobaki ni kuamua nani atangulie. Leo hii pengine anatangulia yule ambaye daktari anamkumbuka, au mwenye ndugu anayejua kusukuma. Piga kura ya bahati nasibu. Watakaotangulia na watakaongoja watakuwa wanafanana katika mambo unayoyajua na usiyoyajua, na wanaongoja wataingia zamu yao ikifika. Gambia walifanya jambo la namna hii kuanzia mwaka 1986 walipoingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B: haikuwezekana kuifikisha nchi nzima kwa mara moja, hivyo timu za chanjo zikaianza kwa awamu, kwa mpangilio wa nasibu, mpaka zote zikawa nayo. Hakuna aliyenyimwa alichokuwa akipewa.

Kabla ya kura, pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya wagonjwa. Usisubiri umalize ndipo uombe. Andika mapema, na uweke tarehe, utapima nini na kwa muda gani, maana ukingoja matokeo ndipo uchague kipimo, utakipata tu kipimo kinachokupendeza. Tena mgonjwa aliyepangiwa simu akakataa kuipokea abaki kwenye hesabu za kundi lake. Watu huwa na hamu ya kumtoa ("hakupata huduma, kwa nini ahesabiwe?"), lakini wanaokataa simu mara nyingi ndio wagonjwa zaidi, na ukiwatoa upande mmoja tu umeshaharibu kura yako. Na kwa kuwa 70 kwa 70 bado ni wachache, tafuta hospitali mbili tatu mfanye pamoja.

Sasa fedha. Hili mtakwimu hakulisema, lakini angelifikia. Wastani wa gharama ya kulaza mgonjwa ndani yake mna mshahara wa wauguzi, jengo, umeme, mashine ya eksirei, ofisi ya mhasibu. Mgonjwa mmoja asipolazwa, mambo hayo yote yanalipwa vilevile. Kinachobaki mfukoni ni dawa, vifaa vya kutumia mara moja, vipimo na chakula chake. Uchambuzi wa bajeti ya hospitali kubwa ya umma ya Cook County, Chicago, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta asilimia 84 ya gharama hazibadiliki kwa kupungua kwa wagonjwa, na zinazobadilika ni 16 tu. Kwako uwiano utakuwa tofauti, lakini ukizidisha kwa wastani mzima umeihesabu mishahara kana kwamba wauguzi wamerudi makwao.

Itabadilika siku mtakapofunga wodi au kuacha kuajiri. Vinginevyo kitanda kilichoachwa wazi hupata mtu mwingine. Pengine ni jambo jema, kama kuna watu wanaosubiri upasuaji, lakini hilo si akiba. Ni huduma zaidi kwa fedha zilezile, na ripoti iseme hivyo.

Uliza pia: akiba ya nani? Kama hospitali inalipwa kwa kila anayelazwa, mpango wako ukifanikiwa unaipunguzia hospitali mapato huku ukiupunguzia mfuko matumizi. Nyie mnalipa mishahara ya wauguzi wa simu, wao wanavuna. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu hiyo, si kwa kukosa ushahidi. Mwenye kuvuna achangie gharama, na hayo ni mazungumzo ya uongozi na mfuko ambayo ripoti yako inaweza kuyaanzisha.

Niseme langu moja. Sipendi mtindo wa kuudai kila mpango wa kuwajali wagonjwa ujilipe wenyewe. Hakuna anayekiuliza chumba cha upasuaji kimeokoa kiasi gani mwaka huu. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2008 liligawa nafasi za bima ya umma kwa bahati nasibu, na watafiti wakawafuatilia walioshinda. Wapo waliotarajia kwamba wenye bima wangepunguza kukimbilia idara ya dharura. Badala yake matumizi yao ya dharura yalipanda kwa asilimia 40 hivi. Lakini madeni ya matibabu yalipungua, na sonona ikapungua. Aliyekuwa anatafuta akiba aliona hasara. Aliyeuliza bima ni ya kazi gani aliona jibu. Kwa hiyo kwenye ripoti yako mpya weka kipengele cha hali ya wagonjwa chenye hadhi sawa na kile cha fedha: wanapumua vipi, wanapanda ngazi, wanalala usiku? Pima kwa dodoso lilelile kwa waliotangulia na wanaongoja.

Anza na kumbukumbu za zamani. Ukishapata jedwali la kushuka kwa kawaida, nitumie, bila majina wala namba za faili za wagonjwa, tuone kama 28 yangu ya kubuni ilikuwa karibu na yako.