Simamisha hiyo lami ya kesho, mkuu. Kisigino si kipimo cha udongo

Mkuu, kabla hujasoma zaidi mpigie huyo fundi umwambie kesho asije. Mwambie umepata msiba, mwambie chochote. Ukishakata simu ndiyo urudi hapa tuongee.

Umesema unataka njia ya lami ya waenda kwa miguu kutoka getini hadi mlango wa nyumba, na nyingine ya kuzunguka duka lako la mbele. Umeuliza unene wa lami, kama lami ni bora kuliko matofali ya zege, kama kuna rangi nyingine zaidi ya nyeusi, lini ipakwe ile dawa ya juu ya kuziba uso wa lami, na waya za taa zipite wapi. Sawa. Ila katikati umechomeka kasentensi kwamba fundi kabakiwa na lami kwenye kazi ya jirani, atakupunguzia bei ukikubali kesho, na kwamba hakuna haja ya kuchimba kwa sababu ardhi yako imekanyagwa miaka mingi na "imeshajishindilia yenyewe". Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai. Hayo mengine yote ni mapambo, swali lako ni hilo.

Maana mimi niliambiwa maneno hayohayo. Neno kwa neno! Nahisi kuna chuo mahali wanafundishwa.

Wangu alikuja kiangazi, akapiga kisigino ardhini mara kadhaa, akaniangalia kwa huruma: "Unasikia, bosi? Hapa ukiweka kokoto unatupa hela." Nikamwona muungwana, mtu anayenitetea mfuko. Sikujiuliza kwamba kiangazi kila udongo ni mgumu, hata ule ambao mvua zikianza unakuvua viatu. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unabeba lori. Ukinywa maji unavimba, unalegea, na mzigo uleule ulioubeba jana leo unaushinda. Yeye alijua hilo, ndiyo kazi yake. Ila alikuwa na lami ya mabaki kwenye gari, inapoa, na alihitaji mtu wa kuimwagia kabla jua halijazama. Mtu mwenyewe nikawa mimi.

Watu wanaiona lami nyeusi na nzito wanadhani ni jiwe. Siyo. Ni kokoto ndogo na mchanga vilivyoshikanishwa na bitumini, ile gundi nyeusi ya mafuta, na bitumini inapinda. Sentimita 5 za lami haziwezi kujibeba zenyewe juu ya kitu kinachobonyea. Mzigo ukipita, lami inafuata udongo kwenda chini, upande wake wa chini unavutika mpaka unapasuka, halafu ufa unapanda juu taratibu. Kwa hiyo siku unauona ufa kwa macho, chini umeshakaa muda mrefu ukikungoja. Na usijidanganye kwamba lami itazuia maji yasifike kwenye udongo. Juu yanaweza kuzuilika, lakini yanaingia pembeni, kwenye kingo, ambako hakuna mtu anayeangalia.

Njia yangu ilipendeza msimu mzima wa ukame. Nilipiga picha, nikaziweka hadi kwenye kundi la familia. Mvua zilipokolea, pale yanapopita matoroli ya mizigo pakaanza kubonyea, kisha zikatokea zile nyufa ndogondogo zilizoungana kama ngozi ya mamba. Kingo zikaanza kumeguka vipande. Halafu ndago. Mkuu, kama hujawahi kuona ndago ikitoboa lami huwezi kuamini: kijani laini, kinachochomoka juu ya kitu ulichokilipia fedha. Hatukuondoa udongo wa juu, tulizifunika na viazi vyake mle chini, nazo hazikuona sababu ya kufa. Mgeni akiuliza nilikuwa nasema ni bustani.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa kubwa bado.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchimba. Sikuchimba. Nikamwita tena yuleyule. (Ndiyo, yuleyule. Cheka, lakini taratibu, kuna watu wazima humu.) Akatazama, akatikisa kichwa, akasema shida ni lami ilikuwa nyembamba, tuongeze tabaka jingine juu, litaziba kila kitu. Nikalipa. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa na ukuta nusura niujenge, maana hiki ndicho kilichofuata.

Kwanza nyufa zilirudi mahali palepale, zikiwa na sura ileile. Ufa wa chini hupanda kwenye tabaka jipya, kwa sababu kile kinachotikisika bado kinatikisika. Pili, na hili hakuna aliyeniambia, njia ilipanda juu. Ongeza sentimita 4 au 5 za lami juu ya ile ya kwanza, na ile njia iliyokuwa chini ya kizingiti cha mlango inakaa sawa na kizingiti. Tena hakupima mteremko, alikwenda kwa macho, ukalalia upande wa ukuta. Mvua kubwa ya kwanza maji yalielekezwa dukani kwa ustadi ambao angeutumia kwenye mtaro ningemsifu. Bidhaa zote zilizokaa sakafuni zililowa. Mteja mmoja alisimama mlangoni akaniuliza kama nimehamia biashara ya samaki.

Tatu ni pale nilipokubali yaishe. Kulikuwa na lami ya unene mara mbili ya kuvunja, kupakia na kwenda kutupa. Hesabu mwenyewe: nililipa kuweka, nikalipa kuongeza, nikalipa kuvunja vyote viwili, nikalipa bidhaa, ndipo nikalipa ile kazi ya kuchimba na kuweka kokoto iliyotakiwa siku ya kwanza. Yule bwana simu yake haikupokelewa tena. Alipoona namba yangu nadhani alikuwa anazima hata taa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaing'ang'ania hata mkinichoka: lami haiagizwi mpaka msingi umekaguliwa ukiwa UMELOWA. Mkavu haukaguliwi. Mkavu unadanganya.

Maana yake ni nini kwa kazi yako? Udongo wa juu wote wenye mizizi na majani unaondoka, mpaka ukute udongo usio na uhai. Kwa njia ya miguu tabaka la kokoto lililoshindiliwa liwe sentimita 10 hadi 15, na juu yake kuna sentimita 5 za lami, kwa hiyo shimo lako halitapungua sentimita 15 hadi 20 kutoka pale unapotaka uso wa njia uishie. Kama gari la kuleta mizigo litakuwa linapanda juu ya hiyo njia ya duka, hata mara mojamoja, ongeza kokoto. Usiseme "halitapanda". Litapanda.

Kokoto zenyewe ziwe zile za kusagwa, zenye pembe, zikiwa mchanganyiko wa kubwa, ndogo na vumbi lake. Zile za mviringo za mtoni zinapendeza kwenye vyungu vya maua, ukizishindilia zinakimbia. Za saizi moja tupu nazo hazishikani. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, tandika kwanza kile kitambaa cha kutenganisha, jeotekstaili, ili kokoto zisizame taratibu kwenye tope na tope lisipande kwenye kokoto.

Kushindilia ni kwa tabaka. Ile kompakta, mashine ndogo ya kushindilia inayosukumwa kwa mkono, haifikishi nguvu chini sana, kwa hiyo mwaga kama sentimita 10, shindilia, ndipo umwage nyingine. Ukimwaga 20 kwa mpigo utapata juu pagumu na chini palegevu, na hakuna atakayejua mpaka mvua. Unyevu nao ni muhimu: chukua konzi ya vumbi la kokoto ukaze ngumi, likishikana bila kutoa maji ni sawa, likimwagika ongeza maji, likichuruzika subiri.

Tabaka la kokoto lizidi upana wa lami, sentimita 15 au zaidi kila upande. Hii mafundi wanaipenda kuikata kwa sababu haionekani. Lami inayoishia sambamba na kokoto kingo zake zinaning'inia, na mtu mzima akikanyaga pembeni panameguka.

Mteremko uwekwe kwenye udongo na kwenye kokoto, usisubiri kuusawazisha kwa lami. Sentimita 2 kwa kila mita, kwenda mbali na ukuta. Njia ya upana wa mita 1.2 inashuka kama sentimita 2.4 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Piga vigingi, funga uzi, weka pima maji, achana na macho ya mtu. Usizidishe pia, mwenye kiti cha magurudumu akipita kwenye mteremko wa ubavuni anahangaika sana.

Halafu ndiyo mtihani wenyewe. Chukua mpira wa maji, lowesha msingi wote hadi maji yaanze kutembea juu yake. Angalia yanakwenda wapi. Yakituama mahali, weka alama. Yakielekea mlangoni, mshukuru Mungu kwamba bado ni kokoto. Yakishaingia na uso ukaanza kukauka, jaza toroli mawe mpaka mbebaji alalamike, lipitishwe mwanzo hadi mwisho, pole pole, huku wewe umechuchumaa unaangalia gurudumu na wala huongei na fundi. Gurudumu likichimba mfereji, au ukiona ardhi inashuka mbele ya gurudumu na kupanda nyuma yake, hapo hakuna msingi. Dawa yake si kumwaga kokoto juu. Chimbua ile sehemu, toa ule udongo laini, jaza upya na kushindilia. Fundi aliyenitengenezea mara ya mwisho alikataa kuita lori kwa sababu ya kona moja tu iliyokuwa ikicheza. Nilimkasirikia kwa kunichelewesha. Kona hiyo hadi leo haina hata mstari.

Na hiyo lami ya mabaki, nisiisahau. Lami ya moto inatoka kiwandani ikiwa karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na inatakiwa iwe imeshashindiliwa kabla haijashuka hadi kama 80. Chini ya hapo rola inaing'arisha tu, matundu yanabaki ndani na maji yanapita. Lami iliyobaki kwa jirani jioni na kuja kwako kesho ni lami gani hiyo, mkuu? Ikifika na mabonge na reki inagoma kuisambaza, irudi ilikotoka. Kisha muulize ilikuwa ya kazi gani. Unene wa lami unatakiwa uwe angalau mara tatu ya kokoto kubwa iliyomo. Ikiwa ni mchanganyiko wa barabara wenye kokoto za milimita 20, unahitaji milimita 60 ndipo ishindilike vizuri, na wewe unawekewa 50 au pungufu. Kwa njia ya miguu omba wenye kokoto zisizozidi milimita 10 hivi. Zingatia kwamba 50 inahesabiwa baada ya kushindiliwa. Inapomwagwa inakuwa juu zaidi, 60 na kitu. Anayekupimia kabla ya rola anakuibia kwa tepu.

Atakuja mtu hapa chini kusema kwake walimwaga juu ya udongo mtupu na njia bado ipo. Namwamini. Muulizeni udongo wake ni wa aina gani. Kwenye changarawe ya asili inayopitisha maji unaweza kubahatika. Kwenye mfinyanzi hakuna bahati, kuna kusubiri mvua.

Waya za taa: bomba lake lilale sasa, chini ya kokoto, wakati shimo liko wazi. Weka na la ziada tupu, utakuja kulihitaji siku umesahau kabisa kama ulikataa. Hiyo dawa ya juu isubiri, miezi sita hadi mwaka, lami ikomae kwanza. Akitaka kukupakia wiki hiyohiyo ujue anauza dawa.

Ukishachimba, weka hapa picha ya shimo likiwa tupu, na futi kamba imesimama ndani ionyeshe kina. Na utuambie ukikaza konzi ya huo udongo wako uliolowa unakuwaje mkononi, maana hujasema popote ni udongo gani.