Kamera ya mtumba yenye picha 118,000: tazama skrubu na raba kabla ya hesabu ya shata

Mkuu, nimechelewa kuuona uzi huu, nilikuwa na shughuli mbili mfululizo. Umeuliza kama uchukue Nikon D750 ya mtumba kwa milioni moja na laki mbili, imeshapiga picha 118,000, na rafiki yako amekutisha kwamba ikigonga 150,000 imekwisha. Waliochangia hapo juu karibu wote wamekomaa na hiyo namba. Mimi napiga harusi na send-off hapa Tanga tangu 2011, nimeshazika kamera tatu, na hakuna hata moja iliyouawa na shata, yaani lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha.

Hiyo 150,000 kweli imetoka Nikon wenyewe, ni idadi ambayo shata imejaribiwa. Canon nao waliipa 5D Mark III namba hiyohiyo, na mashine kubwa kama Nikon D4 ikapewa 400,000. Lakini usiisome kama tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa. Kamera yangu ya kwanza ilipewa 100,000, nikaiuza ikiwa na 214,000, na aliyeinunua mpaka leo anapigia picha za pasipoti. Ya pili shata ilikatika ikiwa na 61,000, bwana harusi ndiyo anafunua shela. Nikamalizia shughuli kwa kamera ya kuazima. Shata ikabadilishwa, kamera ikarudi kazini. Kilichokuja kuimaliza ni maji ya chumvi, nitafika huko.

Jipimie na matumizi yako pia. Mimi shughuli moja ni kama picha 1,500, na kwa mwaka napata shughuli 40 hivi, yaani picha 60,000. Kwa hesabu ya rafiki yako, hiyo kamera ingenifia ndani ya miezi saba. Wewe umesema unataka kupiga watoto na mechi za mtaani Jumapili, utachukua miaka.

Ukitaka kuhakikisha hiyo 118,000, mwambie muuzaji apige picha moja leo akutumie faili lenyewe. Kamera za Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya faili la picha, na kuna tovuti na programu za kuisoma. Asitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inafuta taarifa zote. Atume kama dokumenti. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, inabidi kuunganisha kamera na kompyuta.

Halafu uipime shata kwa macho. Weka kasi ya juu kabisa, kwa D750 ni 1/4000 ya sekunde, piga ukuta mweupe mchana mara kumi. Shata ni mapazia mawili ya vipande vyembamba yanayofukuzana. Likianza moja kuchoka, upande mmoja wa picha unakuwa mweusi zaidi ya mwingine, au unatokea mstari wa giza. Kwenye 1/125 huwezi kuona, ndiyo maana wauzaji hupenda kukuonyesha picha za ndani. Na kwa D750 angalia namba ya kamera chini: mwaka 2015 Nikon walitangaza kwamba baadhi ya zilizotengenezwa Oktoba na Novemba 2014 zina hitilafu ya shata, wakawa wanazirekebisha bure, na baadaye wakaongeza nyingine kwenye orodha. Muulize kama yake ilishapelekwa.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyoua kamera huku kwetu pwani. Igeuze kamera chini juu uzitazame skrubu. Skrubu yenye kutu inakwambia kamera imeishi karibu na bahari au imelala kwenye unyevu, na kama kutu imefika nje, huenda ndani kwenye saketi kuna rangi ya kijani tayari. Skrubu yenye kichwa kilicholika inakwambia fundi ameshafungua, na si ajabu alifungua kwa bisibisi isiyo yake. Fungua na mlango wa betri, tazama vile vidole vya shaba. Vikiwa na ukijani, mimi naaga.

Hilo nimelilipia. Tulikwenda na maharusi kisiwa cha Maziwe kutokea Pangani, ngalawa ikachapwa na wimbi, matone ya maji yakanirukia kamera. Nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikajiona fundi. Maji yakakauka, chumvi ikabaki, na chumvi inavuta unyevu usiku kucha. Wiki ya tatu vitufe vikaanza kujibonyeza vyenyewe, ya nne ikagoma kuwaka. Shata mpya kabisa ndani, kamera maiti. Nilitakiwa kutoa betri palepale na kupangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha ndiyo nikaushe. Na usidanganyike na maneno ya "hii haiingii maji". Mipira inayozuia maji inazeeka, kwenye kamera ya miaka kumi mimi naihesabu kama haipo.

Raba za kushikia nazo. Jasho, mafuta ya mwili na dawa ya mbu huzivimbisha, zinaanza kubanduka pale kwenye kidole gumba. Dawa nyingi za mbu za kupaka zina kemikali iitwayo DEET, na hiyo inayeyusha baadhi ya plastiki. Nina kamera yenye alama ya kidole changu imezama mgongoni kama muhuri. Raba iliyobanduka si sababu ya kukataa kamera, ni sababu ya kupunguziwa bei. Ila usitumie supa glu. Mimi niliitumia, raba ikawa ngumu, pembeni ikatoka weupe kama chokaa, na safari iliyofuata ikatoka na kipande. Gundi ya utepe wa pande mbili imekaa miaka minne sasa.

Tundu la kadi watu hawaliangalii kabisa. D750 ina mawili ya SD, yajaribu yote. Kadi za SD za bei rahisi hupasuka ubavuni, kipande cha plastiki kinabaki ndani. Hapa tutabishana, najua, kwa sababu kuna wanaosema usitoe kadi kila siku, hamisha picha kwa waya ili tundu lisiliwe. Mimi nafanya kinyume. Tundu la waya limechomelewa kwenye bodi yenyewe, mtoto akijikwaa kwenye ule waya mara moja umeingia gharama kubwa. Kadi ni kitu cha kununua tena. Acha kilicho rahisi kiliwe.

Lenzi ndiyo usiionee haya. Kama anakuuzia na ile ya kuvuta, ivute toka mwanzo hadi mwisho ukipiga picha kila hatua. Ndani kuna utepe mwembamba wa umeme unaojikunja kila unapovuta, ukianza kukatika lenzi inaweza kutoa kosa ukifika sehemu fulani. Kisha iondoe, imulike kwa tochi ya simu kwa ubavu. Fangasi huonekana kama utando wa buibui au mizizi ya nywele. Kidogo pembeni hakiharibu picha leo, lakini kinakua.

Na fangasi hii tunaifuga wenyewe, begi limefungwa, limesukumwa uvunguni, mvua za masika zinapita. Mimi natumia kontena la plastiki la vyakula lenye mfuniko wa kubana, silika jeli ya kilo moja ile inayobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika naikaanga taratibu kwenye kikaango kikavu, inarudi. Vile vifuko vya kwenye boksi la viatu vimeshashiba unyevu kabla hujavipata, na mchele uache jikoni, unatia vumbi tu. Jambo jingine, ukitoka na kamera kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya begi nusu saa, vinginevyo inatoka jasho lenzi nzima.

Pale juu panapokaa flashi tikisa kidogo, pakicheza ujue iliwahi kuanguka na flashi kichwani. Vumbi kwenye kihisi, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, lisikutishe, pulizia kwa kipulizio cha mpira cha kubinya kwa mkono. Usiguse mapazia ya shata, na usipulizie kopo la hewa ya kubana.

Kwa hiyo nenda na kadi yako mwenyewe na tochi, omba nusu saa. Skrubu zikiwa safi na ukuta ukitoka mweupe sawasawa, anzia milioni moja kamili. Ukipiga hizo picha za ukuta ziweke hapa, nikishuka kutoka ukumbini Jumamosi usiku nitazitazama.